Kufungua mtaa mpya wa ibada kijijini Tanzania

Kabla ya kufunga spika yoyote, nenda kwa mwenyekiti wa kijiji na mtendaji ukiwa na barua ya utambulisho kutoka usharikani, yaani kanisa mama ambalo mtaa huo utakuwa tawi lake. Anza baada ya mavuno. Wakati wa palizi watu wako shambani mpaka jua linazama.

Kiwanja ndicho kinachoua mitaa mingi. Mzee anatoa kipande kwa mdomo, mnapanda miti, mnafyatua tofali. Akifariki, wanawe wanakuja na kamba ya kupimia. Andikeni! Kikiwa cha familia, mke na watoto wakubwa watie saini pamoja na majirani wa mipaka yote minne, mbele ya mtendaji. Kikiwa cha kijiji, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 halmashauri ya kijiji haigawi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Ombeni nakala ya muhtasari yenye mhuri.

Ibada zianzie chini ya mwembe. Mwinjilisti ajue lugha ya pale, maana bibi wengi husali kwa kilugha. Na tafadhali, msigawe nguo wala unga siku ya kwanza: mgao ukiisha, watu nao hutawanyika.