Kocha wa watoto, jaribu magoli manne
Kama unafundisha watoto wa chini ya miaka 9, achana na 11 kwa 11. Wengine humaliza mechi hawajagusa mpira. Gawa uwanja vipande, wacheze watatu kwa watatu bila kipa, kila timu ikishambulia magoli mawili madogo yaliyoachana. Mtoto akiona goli la kulia limezibwa, anainua kichwa na kugeuza mpira kushoto. Ameamua mwenyewe, na wewe hujapiga kelele. Mtindo huu ulienezwa na kocha Mjerumani Horst Wein, na Ujerumani imeufanya rasmi kwa watoto tangu msimu wa 2024/25. Huna magoli? Koni zinatosha. Ila bao lihesabiwe likifungwa kwa karibu tu, la sivyo watabutua kutoka mbali.