Somo: Njia ya Limfu kutoka Unyayoni hadi Shingoni

Msimu uliopita wa kupalilia viazi, jirani yangu hapa Uyole alijikata kwa jembe kwenye vidole vya mguu wa kulia. Siku ya tatu alinijia akichechemea, lakini hakulalamikia kidonda. Alilalamikia mtoki, uvimbe mgumu wenye ukubwa wa harage uliojitokeza kwenye kinena upande uleule, akiamini kwamba ni ugonjwa mwingine kabisa. Nilimweleza njia ambayo ningependa tuipite pamoja leo, kila mmoja akiufuata mwili wake kwa kidole.

Hatua ya kwanza: unyayoni
Damu inapopita kwenye mishipa yake midogo kabisa, sehemu ya majimaji yake huchujwa na kutoka ili kuzilisha seli. Kwa siku hutoka takriban lita 20, nazo kama lita 17 hurudi kwenye damu moja kwa moja. Lita 3 zinazobaki, pamoja na protini zilizovuja, huingia kwenye mishipa ya limfu, na zikiwa humo ndipo huitwa limfu. Njia hii ikiharibika mguu huvimba, kama inavyotokea kwa ndugu zetu wa pwani wanaougua matende, ambayo husababishwa na minyoo inayoenezwa na mbu na kukaa ndani ya mishipa hiyo.

Hatua ya pili: shavu la mguu
Limfu haisukumwi na moyo. Shika shavu la mguu wako, kisha simama kwa ncha za vidole: msuli unaokaza chini ya kiganja chako unaibana mishipa ya limfu, na vali zilizomo ndani yake huiruhusu limfu kupanda tu, isirudi chini. Kuta za mishipa mikubwa nazo hujikunja zenyewe, na kila pumzi unayovuta husaidia. Kwa hiyo anayeshinda ameketi sokoni huona viatu vikimbana jioni, na kutembea kidogo humpa nafuu.

Hatua ya tatu: kinena
Hapa limfu hupita kwenye tezi, na kwangu hiki ndicho kiini cha somo. Mwili una mamia ya tezi hizi, nyingi zikiwa kwenye kinena, kwapani, shingoni na tumboni. Ndani yake zimejaa chembe nyeupe za damu: nyingine humeza vijidudu, na nyingine, ziitwazo limfosaiti, humtambua adui na kuzaana kwa wingi ili kumkabili. Tezi iliyo kazini hivyo hutanuka na kuuma. Mtoki wa jirani yangu ulikuwa jibu la mwili kwa vijidudu vilivyoingilia kwenye kidonda. Vivyo hivyo, kidonda cha mkono huvimbisha kwapa, na jino bovu huvimbisha tezi za chini ya taya.

Hatua ya nne: tumbo, kifua na shingo
Kwenye utumbo mwembamba, mishipa ya limfu hupokea mafuta ya chakula. Ukila parachichi la Rungwe, sehemu kubwa ya mafuta yake hupita huku kabla ya kufika kwenye damu, na limfu ya hapo huwa nyeupe kama maziwa. Kisha hupanda kwa mfereji wa kifua, kando ya uti wa mgongo, na kumiminika kwenye vena kubwa, yaani mshipa unaorudisha damu moyoni, nyuma ya mtulinga wa kushoto. Limfu ya mkono wa kulia na ya upande wa kulia wa kichwa na kifua huingilia kulia.

Bandama, tonsi, uboho na tezi ya thaimasi iliyo nyuma ya mfupa wa kidari pia ni sehemu za mfumo huu. Bandama, hata hivyo, huchuja damu, si limfu.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, shikamoo. Je, mtoki ukandwe kwa nguvu au uchanjwe? (Mkulima, Makambako)
Marahaba. Usiukande kwa nguvu wala usiuchanje. Safisha kidonda na ukitibu, nao utapungua. Ukiona mstari mwekundu ukipanda mguuni, au ukipata homa, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo.

Mwanangu ana tezi shingoni zisizomuuma, na sasa ni mwezi wa pili. Nisubiri? (Mama, Tukuyu)
Usisubiri, dada yangu. Tezi ndogo hujitokeza mara nyingi kwa watoto wenye mafua, lakini zikidumu zaidi ya wiki mbili, zikikua, au mtoto akikonda na kutoka jasho usiku, lazima apimwe, kwa kuwa kifua kikuu nacho huvimbisha tezi.

Mama yangu aliondolewa tezi za kwapani alipofanyiwa upasuaji wa saratani ya titi, na sasa mkono umevimba. Kwa nini? (Mwanachama, Iringa)
Pole sana kwenu. Limfu ya mkono huo imepoteza sehemu ya njia yake, hivyo hutuama. Mrudisheni kwa waliomtibu, wamchunguze na kumwelekeza kuhusu mazoezi na bandeji ya kubana. Wakati huo aulinde mkono usichubuke wala kuungua jikoni, kwani hata mchubuko mdogo hapo unaweza kuingiza vijidudu, na ulinzi wake umepungua.