Namna ya Kuupima Usaliti Kabla ya Kuamua Kubaki au Kuondoka

Rafiki aliyesahau miadi na mwenzi aliyeficha uhusiano wa pembeni kwa miaka 2 wote huitwa wasaliti, ilhali makosa yao hayalingani. Kwa hiyo, kabla hujaamua lolote, jiulize ni makubaliano gani yaliyovunjwa, na kama mwenzako aliyajua. Matarajio uliyoyaweka moyoni bila kuyatamka huuma yanapovunjika, lakini hayo ni masikitiko, na hutibiwa kwa mazungumzo. Usaliti huwa na ahadi iliyoeleweka na pande zote mbili, iwe kwa maneno au kwa mazoea, na aghalabu huambatana na ufichaji. Ndiyo maana mtu usiyemjua anaweza kukutapeli lakini si rahisi akusaliti. Wahenga waliosema kikulacho ki nguoni mwako waliulenga ukaribu huo.

Ukishalitambua kosa, liulizie waziwazi mkiwa wawili na hasira ikiwa imepoa, ukitaja tendo lenyewe badala ya kuihukumu tabia yake yote. Kisha sikiliza jinsi anavyojibu, kwa maana hapo ndipo penye ushahidi mkubwa kuliko hata simu yake. Mwaka 1997, mwanasaikolojia wa Marekani Jennifer Freyd alieleza mwenendo wa mkosaji anayekana, akamshambulia anayemuuliza, kisha akajigeuza yeye ndiye aliyeonewa. Ukijikuta unaomba radhi kwa kuuliza tu, huenda ndiyo hali uliyomo.

Akikiri, mwombe aseme yote kwa mara moja. Ukweli unaotolewa kidogo kidogo hujeruhi upya kila unapoongezwa, na binafsi naona huo ndio unaovunja ndoa nyingi kuliko kosa la awali. Hata hivyo, usidai maelezo ya faragha ambayo yatabaki yakikusumbua usiku bila kukusaidia kuamua.

Kusamehe na kuamini ni mambo mawili tofauti: unaweza kusamehe leo na bado ukakataa kumkabidhi tena fedha au siri zako. Imani hurudi kwa mambo madogo yanayothibitika, kama vile kufika saa aliyoahidi na kutoa taarifa kabla ya kuulizwa, kwa miezi mingi mfululizo. Ikiwa kuna vipigo au vitisho, acha hatua hizi zote na utafute kwanza mahali salama.