Kabla hujalipia mfumo mpya, kakae stoo kwanza

Mimi ni mhasibu wa kampuni ya vifaa vya ujenzi, na miradi ya mifumo ya kompyuta huishia mezani kwangu kwa sababu ankara zake nazilipa mimi. Haya basi ni maelekezo ya mtoa hela, si ya fundi wa kompyuta.

Anza na hela inayovuja. Muuzaji wa mfumo atakuonyesha grafu za rangi. Mnywesheni chai, kisha muulizeni zitapunguza gharama ipi. Wewe andika jambo moja kwa tarakimu. Mfano: mteja wa mkopo akichukua nondo, ankara inamfikia baada ya siku ngapi? Kama ni 9, basi siku 9 hizo unamkopesha bila hata kuanza kumhesabia. Mkuu wa mauzo aisaini hiyo 9, maana mradi ni wake. Kijana wa IT hana ubavu wa kumwamrisha dereva.

Halafu nenda stoo, ukae nusu siku, uifuate karatasi. Mara nyingi utakuta haijakwama kwenye kompyuta hata kidogo: hati ya kupokelea mzigo imekunjwa juu ya dashibodi ya Fuso, inangoja siku dereva atakayopita ofisini. Basi apige picha pale pale mteja anaposaini, aitume kwenye grupu la WhatsApp. Gharama yake ni bando. Jaribuni hilo kwanza. Mradi ukiishia hapo, umefaulu.

Ikibidi kununua, anza na tawi moja na utazame watu wanavyoutumia, si ulivyotaka wautumie. M-Pesa ilipojaribiwa Kenya mwaka 2005 ilikusudiwa kurejeshea mikopo midogo, kumbe watu wakawa wanatumiana hela. Safaricom walipoizindua Machi 2007, kutuma hela nyumbani ndiko walikotangaza.

Panga pia tarehe ya kuifunga leja ya zamani. Ukiiacha iende sambamba na mfumo bila kikomo, mtunza stoo ataandika kwenye leja mchana, jioni aingize kwenye mfumo kwa kukisia akiwahi daladala. Hapo unalipia kumbukumbu mbovu kuliko za mwanzo. Hesabuni mali mara mbili, kila tofauti ielezeke, kisha leja ifungiwe kabatini na ufunguo ukae nao mkurugenzi. Watanuna. Baada ya miezi mitatu ipimeni tena ile 9. Ikiwa bado ni 9, hakuna kununua moduli nyingine, yaani kipande cha ziada cha mfumo, hadi mkuu wa mauzo aeleze.

Mkataba nao usome kwa kalamu mkononi: leseni ya mwaka wa pili, bei ya kila mtumiaji anayeongezeka, nani anaunganisha mashine ya EFD (ile ya risiti za kodi), na kama mkiachana utapewa data zako zote kwenye Excel. Malipo yagawanywe, na fungu la mwisho litoke pale tu hesabu za mwezi mzima zitakapofungwa ndani ya mfumo. Muuzaji akikataa sharti hilo, mshukuru kwa muda wake.