Ukitaka kuchora ukuta wa mtaa, anza na mama mboga

Kabla hujafungua hata kopo moja la rangi, kaa karibu na huo ukuta siku mbili tatu, asubuhi na jioni, uone ni nani anautumia. Landlodi si mwenyewe peke yake. Kuna mama mboga ameegemeza meza yake hapo, kuna fundi viatu ametundika gunia lake la kivuli kwa msumari, halafu kuna mtu ameandika kwa brashi namba ya tili, ile wateja wanalipia kwa simu, na hiyo ndio inamlipia nyumba. Mimi nilishawahi kufuta moja nikidhani ni uchafu tu, yule mama akaja akasimama na leso mkononi, hata hakunitukana, akaniuliza tu, "Sasa mwanangu, wateja watalipa wapi?" Niliirudisha siku hiyo hiyo, kubwa zaidi, ndani ya mchoro wenyewe, na tangu hapo hizo namba ndizo napanga kwanza kabla ya sura ya mtu yeyote.

Ruhusa ya landlodi iwe kwa maandishi, kisha umuone mzee wa mtaa.

Mchoro waonyeshe watu ukiwa bado kwa karatasi, waambie waseme wanataka nini. Kibera mwaka 2009, msanii Mfaransa JR alifunika mapaa kwa picha kubwa kubwa za macho na nyuso za akina mama wa hapo hapo, mita za mraba kama 2,000, na alizichapa kwa kitu kisichopitisha maji, kwa hivyo mvua ikinyesha picha inakinga nyumba. Na Solo 7, ambaye ni msanii wa Kibera, vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007 zilipowaka alizunguka akiandika maneno ya amani kwa kuta na milango. Watu walikuwa wanayahitaji hayo maneno wakati huo, si rangi nzuri.

Paka Jumapili asubuhi, vibanda vingi vikiwa vimefungwa. Thina, ile ya kuyeyusha rangi ya mafuta, usiifungue karibu na anayepika chapati, unga unashika harufu na mauzo ya siku nzima yameenda, tumia rangi ya maji. Ukuta ukitoa chumvi usugue kwa brashi ya waya, upige andakoti, yaani rangi ya kwanza ya chini, na uache ikauke kabisa, maana ikibanduka wataambiana uliwaharibia ukuta. Chini mpaka usawa wa magoti weka rangi ya giza kwa sababu ya matope na mikokoteni, na rangi iliyobaki mwachie kinyozi wa jirani pamoja na brashi moja.