Somo: Kabla hujakaa kwenye kiti cha kusafishwa meno, hasa wewe uliyekulia Arusha

Wakuu habari. Kila wiki kuna mtu ananiuliza nilisafisha wapi meno na kama rangi ya kahawia itatoka, nimejibu mpaka nimechoka, leo naandika yote hapa niwe nawatumia. Mimi sio daktari. Ni mtu wa Maji ya Chai, huku Arusha, mwenye yale mabaka ya kahawia kwenye meno mnayoyajua, na nimeshakaa kwenye hivyo viti mara nyingi, mara moja nikaumia.

1. Kula kwanza, piga mswaki, nenda.

2. Uliza bei kabla hujapanda kwenye kiti. Uliza pia anayekusafisha ni nani na kasomea nini, mtu aliyesoma hawezi kukasirika kwa swali hilo.

3. Vyuma. Omba vifunguliwe mbele yako. Vikitoka kwenye mashine ya mvuke ya kuua vijidudu vinakuwa ndani ya pakiti zilizofungwa, na kila pakiti ina alama inayobadilika rangi ikishapita kwenye ule moto, iangalie. Kuchovya kwenye spiriti au Jik halafu kufuta na kitambaa hakutoshi, virusi vya homa ya ini B vinaweza kukaa kwenye chuma hata siku 7 na bado vikaambukiza. Na glavu ziwe mpya. Akishika simu na zile glavu halafu anarudi mdomoni kwako, mwambie abadilishe, usione aibu.

4. Sema magonjwa na dawa zako zote hata kama hajauliza. Kisukari, presha, mimba, dawa za kufanya damu iwe nyepesi, na zaidi ya yote kama una valvu bandia ya moyo au umewahi kupata maambukizi ndani ya moyo, maana huyo anaweza kuhitaji antibayotiki kabla ya kuguswa fizi. Usiache dawa zako mwenyewe eti unaenda kusafisha meno, aamue daktari.

5. Hapa ndipo nilipoharibu, soma taratibu. Jua unaenda kutolewa nini. Ukoga ni ule utando laini, ukikaa unaganda unakuwa ugaga, huo mgumu wa njano au mweusi unaoshika shingoni mwa jino, na ugaga ndio unaotolewa. Yale mabaka yetu ya kahawia sio uchafu, ni madini ya floraidi ya maji tuliyokunywa utotoni meno yakiwa bado yanatengenezwa ndani ya fizi, rangi iko kwenye gamba la jino lenyewe. Hakuna kusafisha kunakoitoa. Mimi nikiwa na miaka 24 jamaa mmoja hapa mjini alipomaliza ugaga akaniambia ataongeza "dawa kidogo ya kutoa kahawia", nikasema sawa bila kuuliza dawa gani. Akachovya pamba kwenye kichupa kisicho na lebo, harufu kali inapanda puani, akasugua meno mawili ya mbele, kwenye kioo nikayaona meupe kama chaki, nikafurahi, nikalipa. Wiki haikuisha. Julai ya Arusha mnaijua, nikifungua mdomo asubuhi kwenye daladala ule upepo ukigusa yale meno ni sindano, chai ya moto siwezi, chungwa siwezi. Daktari niliyeenda baadaye akanishikia kioo nikaona ncha zimekuwa nyembamba mpaka mwanga unapita, akasema gamba la jino likishaliwa haliwezi kuota tena. Zipo tiba halali za kupunguza hiyo rangi, ila hufanywa na daktari wa meno kwa kipimo, unaelezwa kwanza, hazichomekwi katikati ya kusafisha. KICHUPA HAKINA LEBO, SHUKA KWENYE KITI.

6. Ukiumia inua mkono. Kelele na maji mengi ni kawaida, maumivu makali sio kawaida, omba ganzi.

7. Baadaye meno yatasisimka kwa baridi siku kadhaa na utahisi yameachana. Hayajaachana, ni ugaga uliokuwa umejaza pale katikati umetoka.

MASWALI

Mdau wa Sakina: Mkuu kwa hiyo nikisafisha hii kahawia itatoka?

– Soma namba 5.

Mdau wa Sakina: Nimesoma juu juu, nina haraka, nataka tu jibu.

– Haitoki. Na hiyo haraka ndiyo niliyokuwa nayo mimi siku ile.

Mama wa Pasua, Moshi: Nina mimba ya miezi mitano na fizi zinatoka damu kila nikipiga mswaki, nisubiri nijifungue?

– Usisubiri dada yangu. Mimba inafanya fizi zivimbe kirahisi, na kusafishwa ukiwa na mimba kunaruhusiwa, miezi ya katikati ndiyo mama anakaa vizuri kwenye kiti. Waambie tu mapema. Pale Moshi hospitali ya KCMC wana idara ya meno, uliza huko.

Mdau wa Ngaramtoni: Mimi naona unatisha watu, mbona nimesafisha mara tatu kwa mtu wa mtaani na niko poa.

– Sijatisha mtu, nimeeleza meno yangu. Ulishawahi kupima homa ya ini? Kapime, na kama uko salama chanja.

Baba wa Usa River: Asante kwa somo. Nina mtoto wa miaka miwili, maji yetu ni ya kisima. Nikiyachemsha floraidi inaisha? Sitaki apate meno kama yangu.

– Swali zuri sana kaka. Kuchemsha hakutoi, maji yanapungua floraidi inabaki, kwa hiyo inazidi kukolea. Hatari kubwa kwa meno ni mpaka kama miaka 8, huo ndio muda wako. Maji yake ya kunywa na kupikia tafuta ya mvua yaliyokingwa safi, au chujio la mkaa wa mifupa, pale Ngurdoto kuna kituo kimefanya kazi hiyo ya kupunguza floraidi, waulize. Mkaa wake unachoka, lazima ubadilishwe. Na magadi kwenye makande ya mtoto acha kabisa, yana floraidi nyingi.

Baba wa Usa River: Magadi! Bibi yake anaweka kila siku.

– Loweka mahindi na maharage usiku kucha, yataiva bila magadi. Mwonyeshe bibi meno yako mwambie kwa upole, mama yangu alielewa hivyo hivyo.