Una lisansi ya Kiingereza na unaishi Lubumbashi: kazi zipi zipo, na uanzie wapi

Kila mwaka vijana waliosoma Kiingereza hutoka Chuo Kikuu cha Lubumbashi na ISP, chuo cha kuandaa walimu, wakiwa na diploma mkononi, na karibu wote hukutana nyumbani na swali lile lile: “Sasa na Kiingereza hicho utafanya nini?” Mimi pia niliulizwa, na jibu nililokuwa nalo wakati ule, kwamba Kiingereza ni lugha ya dunia, halikunilipia hata kodi ya chumba kimoja kule Katuba. Ilinichukua muda kuelewa kwamba hapa kwetu ni vigumu kumpata mwajiri anayelipia Kiingereza peke yake. Anayelipwa ni mtu anayeweza kushika karatasi ya Kiingereza, akamweleza mkurugenzi kwa Kifaransa, kisha akatoka nje akawaeleza wafanyakazi kwa Kiswahili, na maana ikafika nzima. Lugha hizo tatu tayari unazo. Kinachobaki ni kuchagua karatasi za kazi ipi utazijua kwa undani, na uchaguzi huo ndio ninaotaka kuuzungumzia hapa.

Nianze na ualimu, kwa sababu ndiko wengi wetu tunakoanzia. Aliyesoma ISP ametoka na mafunzo ya ualimu ndani ya diploma yake, ilhali aliyepitia kitivo cha fasihi cha chuo kikuu huhitaji kuongeza agregasyon, yaani mafunzo ya ziada ya ualimu, ili atambuliwe kuwa mwalimu wa sekondari. Kabla ya kukubali nafasi katika shule ya serikali, muulize mkuu wa shule bila haya kama nafasi hiyo tayari ina mshahara, au kama utaingia kama wale wanaoitwa “nouvelle unité”, yaani mwalimu anayefundisha huku jina lake likisubiri kuandikwa katika orodha ya malipo. Wako waliosubiri miaka, na ni haki yako kulijua hilo kabla hujashika chaki. Njia nyingine, ambayo naiona ina faida zaidi kwa kijana asiye na mtaji, ni masomo ya jioni yanayolenga kazi fulani: madereva wanaovuka kwenda Zambia, wafanyabiashara wanaofuata bidhaa Dubai na Guangzhou, mafundi wa migodini wanaotaka kupanda cheo. Watu hao hawahitaji sarufi ya mwaka wa kwanza. Dereva anataka kujibu maswali ya polisi wa barabarani na ya mtu wa mizani. Mfundishe hayo wiki ya kwanza, naye atakuletea wenzake watatu wiki ya pili.

Migodi ndiyo yenye nafasi nyingi kuliko wengi wanavyodhani, na si kwa wahandisi peke yao. Kampuni nyingi kati ya Lubumbashi na Kolwezi zina wenye hisa wa Kanada, Uswisi au China, na ripoti nyingi zinazopelekwa ng’ambo huandikwa kwa Kiingereza, wakati barua za serikali yetu ni za Kifaransa na malalamiko ya vijijini husemwa kwa Kiswahili, Kisanga au Kibemba. Sheria ya madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inaitaka kampuni ikubaliane na jamii zinazouzunguka mgodi juu ya hati ya ahadi zake, ile cahier des charges, na itenge angalau asilimia 0.3 ya mapato yake ya mauzo kwa maendeleo ya jamii hizo. Kwa hiyo kuna idara nzima ya mahusiano na jamii inayohitaji mtu wa kuandika mihtasari ya vikao, kufasiri malalamiko na kufuatilia ahadi. Ukiomba kazi huko, isome sheria hiyo kabla ya mahojiano, hasa sehemu inayohusu jamii, kwa maana wengi wanaoomba nafasi hizo huongea Kiingereza kizuri lakini hawajawahi kuifungua.

Kuna pia mlango ambao hautangazwi popote. Sheria ya ukandarasi mdogo ya mwaka 2017 imeziwekea kampuni zenye mtaji wa Wakongomani wengi haki ya kupewa kazi ndogo ndogo za kampuni kubwa, kama usafi, usafiri, chakula na ujenzi. Wenye kampuni hizo ni wazee wetu na mama zetu wenye akili ya biashara, lakini zabuni inapokuja kwa Kiingereza, kurasa arobaini, wengine huiweka kabatini. Mwendee mmoja wao, muombe akuonyeshe zabuni iliyompita, umfasirie sehemu ya masharti, umwonyeshe ni karatasi ipi iliyokosekana. Kazi ya kwanza uifanye kwa bei nafuu, ya pili kwa bei yake.

Ufasiri wenyewe una mitego ambayo hatukufundishwa darasani, na kosa moja linaweza kukuharibia jina. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii nilifasiri orodha ya bidhaa za ghala kutoka Kiingereza kwenda Kifaransa, na palipoandikwa 2,500 kg nikapaacha vile vile. Kwa Mwingereza hizo ni kilo elfu mbili na mia tano. Kwa anayesoma Kifaransa, alama ile ni ya desimali, na kilichobaki ni kilo mbili na nusu. Mtunza ghala ndiye aliyekamata kosa, nikashukuru kwamba ilikuwa bado asubuhi. Tangu siku hiyo napitia tarakimu zote peke yake, mbali na maneno. Jihadhari pia na “billion”: ya Kiingereza ni “milliard” ya Kifaransa, ilhali “billion” ya Kifaransa ni mara elfu zaidi. Nalo neno “shall” katika mkataba halitabiri, linaamuru. Andika kwamba mtu analazimika kulipa, usiandike tu kwamba atalipa.

Ukalimani wa usalama kazini unadai uangalifu mkubwa kuliko huo, kwa kuwa hapo neno linagusa mwili wa mtu. Fikiria asubuhi, kabla ya zamu, msimamizi mgeni amesimama mbele ya wanaume ishirini wenye kofia ngumu, anasema kwamba kabla ya matengenezo lazima “isolate the pump”. Mkalimani aliyetoka chuoni jana atasema “tengeni pampu”, na fundi ataelewa kwamba aisogeze kando. Maana yake halisi ni hii: kata umeme wa pampu, funga swichi kwa kufuli yako mwenyewe, tundika kibandiko chenye jina lako, na ufunguo ukae mfukoni mwako mpaka umalize. Maneno zaidi ya ishirini kwa neno moja, na yote yanahitajika. Ndiyo maana namshauri kila anayetaka njia hii aombe kukaa na mafundi siku kadhaa, aone kila kifaa kinavyoitwa kwa Kiswahili cha kazini, ayaandike katika daftari lenye safu tatu: Kiingereza, Kifaransa, Kiswahili. Daftari hilo litakupa mkate kuliko diploma.

Mpakani Kasumbalesa hali ni ya namna hiyo hiyo. Upande wa Zambia karatasi ni za Kiingereza, upande wetu forodha inafanya kazi kwa Kifaransa, na mzigo uliopakuliwa Dar es Salaam au Durban unafika na ankara, hati ya shehena, orodha ya vifurushi na cheti cha asili. Ofisi za mawakala wa forodha hupokea vijana wa mafunzo. Miezi mitatu ya kupanga mafaili huko, hata kwa nauli na chakula tu, itakufundisha msamiati ambao hutaupata katika maktaba ya chuo kikuu kule Kasapa.

Nchi yetu iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ilikifanya Kiswahili lugha yake rasmi ya nne mwaka 2019. Hili linafungua ufasiri kati ya Kiingereza na Kiswahili, lakini tuseme ukweli kati yetu: Kiswahili tunachozungumza katika mitaa yetu ya Lubumbashi, kama Kamalondo au Kenya, si kile kinachoandikwa katika hati rasmi. Soma magazeti ya Tanzania kila siku, kwa sauti ukiweza, mpaka ngeli zikae kinywani.

Kwa anayetaka kufanya kazi nyumbani, kufasiri diploma, vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa kwa watu wanaosafiri ni chanzo cha pesa kisichokauka, ila ofisi nyingi hutaka muhuri wa mfasiri aliyeapishwa. Waulize makarani wa mahakama utaratibu na gharama kabla ya kuchapisha muhuri wowote. Kazi za intaneti, kama kuandika manukuu ya video, zipo pia, lakini zinamtaka mwenye betri ya kumvusha saa za giza.

Ukifikiria masomo ya juu ng’ambo, anza kutunza ushahidi leo. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, humtaka mwombaji awe na saa zisizopungua 2,800 za kazi, na jaribio la Kiingereza la IELTS linalodaiwa na vyuo vingi hukubalika kwa miaka miwili tu, kwa hiyo usilifanye mapema mno. Kila unakofanya kazi, hata mafunzo ya bure, omba barua yenye tarehe, cheo na sahihi kabla hujaondoka, kwa maana bosi akihamia Kinshasa hutampata tena.

Kuanza kwenyewe hakuhitaji pesa nyingi. Jiandikishe ONEM, ofisi ya serikali ya ajira, kama mtafuta kazi. Andika wasifu wako kwa Kifaransa na kwa Kiingereza, usifasiri mmoja kutoka kwa mwingine neno kwa neno, kwa sababu mpangilio wake haufanani. Tayarisha kurasa tatu za mfano: kipande cha mkataba, maagizo ya usalama, ripoti ya kikao; ufiche majina ya watu na ya kampuni, kwani mwajiri anayeona siri za wengine mkononi mwako hatakupa zake.

Na siku utakapoitwa kwa jaribio, watakupa ukurasa mmoja na saa moja. Usiharakishe kalamu. Usome mpaka mwisho, kisha uulize: nani atakayesoma tafsiri hii, mwanasheria au fundi? Wengi wa wanaojaribiwa hawaulizi, na anayekusahihisha ataona kwamba wewe umeuliza kabla hujaandika mstari wa kwanza.